Mama Sifa, Tulikwenda Kuni Bila Wewe

Mama Sifa,

Mimi mama mkwe wako niliyekusumbua ukiwa hai, nimekuja kukusumbua tena. Usiseme sikukuacha upumzike. Tangu tulipokuzika mwezi wa nne nimekaa kimya, Noeli imepita, Bonane ya mwaka mpya imepita, sikukuuliza kitu. Sasa ninauliza. Ulikwendaje bila kutuonyesha namna ya kuivua nyumba nguo za Noeli?

Ninaandika mwenyewe, kwa penseli ya Sifa. Unajua mimi shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alinipiga na mimi nikampiga, mambo yakaisha hapo. Basi herufi zangu zikitembea kama bata, zisome hivyohivyo. Heri alisema, Mama, niambie mimi nikuandikie. Nikamwambia kaa chini. Maneno ya mimi na mke wako hayapiti mkononi mwa mwanaume.

Nianze na mti. Ule mti wako wa plastiki, ulioununua kwenye duka la mitumba ukaja nao kifuani kama mtoto mchanga. Sifa aliutoa mwenyewe Desemba. Hakumwita mtu. Alipanga tawi kwa tawi, akazungusha taa zako nyeupe, akatundika na lile pambo lililovunjika mguu ambalo mimi nilikuambia ulitupe na wewe ukakataa. Nikafurahi. Nikasema mtoto anaanza kuamka. Tukaenda kanisani, tukapika pilau na sombe, watu wakaja, wakaondoka. Bonane ikaja, ikaondoka. Mti ukabaki.

Nikamwambia Sifa, haya, ushushe. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba niuache. Nikarudia kesho yake, akasema, "Koko," kama anavyoniita mimi bibi yake, "Mama ndiye anayeushusha." Anayeushusha. Hakusema aliyekuwa. Unajua mimi kunyamaza si kazi yangu, lakini nilinyamaza.

Januari ikaisha. Majirani wote wamezima taa zao, sisi dirisha letu linawaka peke yake mtaa mzima wa hapa Okolona, Louisville. Mtoto akitoka shule anavuta kiti nyuma ya mti, pale kwenye kona, anakaa na simu yake mpaka chakula. Baba yake anafanya kazi usiku kule ghalani, akirudi asubuhi anaupita ule mti kama mtu anavyompita mgeni aliyegoma kuondoka na ambaye hakuna wa kumwambia. Analala, anaamka, anakula, anakwenda. Mimi ninabaki na mti na mtoto aliye nyuma ya mti.

Halafu mdogo wako Riziki akapiga simu kutoka Columbus. Ile simu ya kuonana uso. Alimwona Sifa nyuma ya matawi, akaona na taa zinavyowaka. Akaniambia nitoke nje tuongee. Nikasimama barazani na baridi inanila masikio. Akasema, "Mama, tuko Februari. Mtoto hawezi kuishi hivi. Jumamosi ninakuja. Nikikuta nyumba bado imekufa, ninaondoka naye, akae na watoto wangu."

Riziki si mbaya. Nyumba yake ni nzuri, shule iko karibu, watoto wake ni rika la Sifa. Ndiyo maana niliogopa. Angekuwa mtu mbaya ningemfukuza kwa maneno, maneno ninayo. Nikamwambia Heri. Mwanangu, niliyemzaa kwa taabu, akakuna kichwa, akasema, "Bon, Mama, labda ndiyo vizuri." Nikamwambia nenda ukalale, usingizi unakusemesha.

Kwa sababu nikuambie ukweli, Mama Sifa. Mtoto huyu akienda Columbus, wewe utakuwa umekufa mara ya pili. Anakohoa kama wewe. Anafunga mlango wa friji kwa nyonga kama wewe, na mimi ninamgombeza kama nilivyokugombeza wewe, na ninapomgombeza ninasikia kama umeniitikia kutoka jikoni. Akienda, nitamgombeza nani? Heri hata ukimgombeza hajibu.

Basi nikaanza kufikiri, ulikuwa unafanyaje kila mwaka. Nikakumbuka Buffalo.

Unakumbuka Buffalo? Tulitoka kambini Tanzania tukashushwa kwenye theluji, Januari, Sifa umemfunga mgongoni ndani ya koti la mwanaume. Nyumba ya ghorofa, ndani hakuna kitu, meza na magodoro. Asubuhi ulisimama dirishani muda mrefu. Halafu ukaniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona swala. "Mama, njoo uone. Watu wamekata kuni, wamezitupa."

Nikaja. Kweli. Kila mlango, mti mzima umelala juu ya theluji, mbichi, mnene, hakuna mwenyewe. Hatukujua bado kwamba ni miti ya Noeli iliyokwisha kazi. Tukatazamana. Wanawake kama sisi, tuliokuwa tunatembea kutoka alfajiri kutafuta kuni, tukikimbizwa, tukipigwa, wengine wakirudi bila kuni na bila neno mdomoni. Halafu nchi hii wanatupa mlangoni. Ulisema, "Twende kabla wengine hawajaamka." Tukashuka na kandambili na soksi. Tukauvuta mti mmoja kwenye ngazi mpaka juu, sindano zake zinamwagika kila mahali, mwanamke mmoja Mzungu akafungua mlango akatuona, akafunga. Tukafika. Tukasimama mbele ya jiko tunahema.

Jiko la umeme. Halina hata mdomo wa kutia kuni.

Nilikutukana siku ile. Nilisema mke gani huyu mwanangu ameoa, ananivunja mgongo kwa kuni za kuangalia. Wewe ulikaa chini ukacheka mpaka Sifa akaamka. Halafu ukachukua kisu, ukakata matawi, ukayasimamisha ndani ya lile kopo kubwa la nyanya, ukatia maji, ukaweka katikati ya meza. Nyumba yote ikanuka msitu. Heri aliporudi akauliza maua haya ya nani, ukamwambia, "Si maua. Ni kuni za Mama."

Tangu siku ile ikawa desturi yetu, na hakuna mtu mwingine Marekani mwenye desturi hiyo. Tulipohamia hapa Louisville kwa sababu ya kazi, ukanunua huo mti wa plastiki kwa Noeli, sawa, lakini baada ya Bonane ulikuwa unaushusha halafu unaniambia, "Mama, vaa buti, twende kuni." Tunazunguka mtaani, tunachagua mti mmoja uliotupwa, unanitwika, tunarudi. Kopo ni lile lile la Buffalo. Limeshika kutu chini, nikasema tulitupe, ukakataa. Wewe kila ninachosema kitupwe unakificha.

Na kazi yako ndiyo ilikuharibu zaidi. Kule ghalani ulikuwa unafunga makarto, yale maboksi ya mapambo ya nyumba. Ulirudi siku moja ukasema, "Mama, Noeli ikiisha tu, mekundu yote yanatoka, yanaingia meupe na ya rangi ya majivu. Mablanketi ya sufu, mishumaa, vikapu. Nyumba za Wazungu nazo zinabadilisha kitenge." Na wewe ukaanza kutubadilishia kitenge. Vitambaa vyangu vyekundu vya kufuma ulivikunja. Makochi ukayasogeza karibu na dirisha, ati mwanga ni mchache, tuufuate ulipo. Blanketi la majivu kwenye mkono wa kochi. Taa nyeupe za mti ukaziingiza kwenye chupa kubwa. Halafu juu ya meza ukatandika kitambaa cheupe, cheupe kabisa.

Hapo nilipandisha hasira. Nikasema nani amekufa hapa? Sisi cheupe tunafunikia maiti. Toa sanda mezani, watu wanakula hapa. Ulinitazama, hukukasirika, ukasema, "Si sanda, Mama. Ni theluji." Kila Januari nikisema sanda, unasema theluji. Hata mwaka jana, umeshakuwa mwembamba, kansa imekufikisha pale, ulitandika ukiwa umekaa kwenye kiti, ukasema theluji, na mimi sikusema kitu. Nilitamani niseme, ili iwe kama kila mwaka.

Sasa sikiliza nilichofanya Ijumaa.

Sifa akiwa shuleni, Heri amelala, niliushusha mti. Sikujua unavyofunguka, nikauvunja tawi moja, nisamehe, lipo kwenye mfuko. Nikafunga taa, nikafunga mapambo. Nikatoa vitambaa vyekundu. Nikasukuma makochi ukutani ili nifagie. Nikafagia. Halafu nikanyanyua kichwa.

Mama Sifa, ilikuwa nyumba ya matanga. Makochi ukutani, katikati wazi, ukuta mtupu. Kama siku zile watu walivyojaa hapa wamekaa chini. Kilichokosekana ni picha yako, na wanawake wa kwaya wakiimba. Nikaelewa kwa nini mtoto alikuwa hataki. Yeye aliiona kabla yangu.

Nikaenda kutafuta mfuko wako wa vitu vya baridi. Nikatoa blanketi. Nikatoa mishumaa, ile minene iliyobonyea upande mmoja. Nikarudisha makochi dirishani, mgongo unalia. Nikatoa kile kitambaa. Nikakishika hivi kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya meza.

Sikuweza. Nilikwisha kukutandikia cheupe mwezi wa nne. Mikono ilikumbuka. Nikakikunja nikakiweka juu ya kiti, nikaketi kando yake mpaka mtoto aliporudi.

Alifungua mlango, akatazama kona, hakuvua hata mfuko wa shule. Akaniambia, safari hii kwa Kiswahili ili nisikie vizuri, "Umemfukuza Mama." Akaingia chumbani kwake. Chakula alikula huko huko. Nilitaka kumfuata nimwambie mimi si mtu wa kuambiwa maneno hayo, nimezaa, nimezika, nimevuka ziwa na mtoto kichwani. Nikafika mlangoni kwake nikarudi.

Jumamosi asubuhi Riziki alituma ujumbe, ametoka Columbus. Nikavaa koti. Nikavaa buti zako, ndiyo, zako, zangu zinaingiza maji. Nikafunga kitenge kiunoni, nikachukua kamba ya kuanikia nguo na kile kisu cha kukatia nyama. Sifa akatoka bafuni akaniona.

"Koko, unakwenda wapi na kisu?"

"Kuni."

"Hakuna. Lori la taka lilizichukua zamani."

Nikamwambia mtu anayekwenda kuni haulizi kama zipo. Nikafungua mlango. Nilipofika kwenye kona nikasikia miguu nyuma. Amevaa lile koti lake lenye kofia, uso umekunjamana. Akasema nimpe kisu akifiche, watu watamwitia polisi bibi Mwafrika anayetembea na kisu. Nikampa. Sikugeuka kumtazama, nisije nikamtisha akarudi.

Tulitembea. Alisema kweli, hakukuwa na kitu. Mtaa wa kwanza safi, wa pili safi, upepo unapita moja kwa moja kwenye mifupa. Nikaanza kuona aibu moyoni, lakini usoni hapana. Halafu nyuma ya nyumba moja, kando ya mapipa, nikaona miguu ya mti imetokeza. Mzee Mzungu alikuwa nje na kijibwa chake. Nikamsukuma Sifa, nenda ukaseme naye. Wakasema, wakasema. Sifa akarudi mdomo unacheza. Nikauliza anasema nini. "Anasema mke wake anamgombeza kila siku kwa sababu hajautupa, tuuchukue upesi." Nikasema mwambie ameoa vizuri.

Mti ulikuwa umekauka, Mama Sifa. Sindano zote zimeanguka, umebaki mifupa ya rangi ya kahawia. Sifa akasema, "Koko, huu umekufa." Nikauvunja tawi, ukalia *ta*. Nikamwambia, huu sasa ndiyo kuni. Ile mingine yote mama yako na mimi tulikuwa tunajidanganya.

Tukakata, tukafunga. Nikasokota kitenge nikafanya ngata, nikaweka kichwani, nikapiga goti kidogo. Nikamwambia, "Nitwike."

Akasimama tu. Hajui neno. Mtoto mkubwa hivyo, anajua maneno ya kompyuta yote, hajawahi kumtwika mtu. Nikamfundisha. Shika huku, nyanyua, niwekee juu, usiachie mpaka nikuambie. Akanyanyua. Akanikaribia, unajua mtu akikutwika anavyokaribia, pumzi yake yote unaisikia usoni. Akaweka. Halafu hakuondoka. Akaachia polepole, mkono mmoja, wa pili, huku ananitazama shingo kama imekubali.

Hilo sikumfundisha. Hilo ni lako. Wewe ndiye uliyekuwa unatazama shingo. Kule Tanzania, Buffalo, hapa, wanawake wengine wote wanakutwika na kugeuka, wewe peke yako ulikuwa unabaki kutazama shingo. Nilishindwa kutembea. Sifa akauliza, "Ni nzito?" Nikasema ndiyo, ni nzito, twende.

Tukarudi barabarani hivyo, mimi mbele, yeye nyuma anashika mkia wa mzigo. Magari yanapunguza mwendo. Kwanza aliinamisha kofia, halafu nikamsikia anacheka. Anacheka peke yake, kwa pua, ananipiga picha na simu. Tangu mwezi wa nne sijakisikia kicheko hicho. Nikamwambia badala ya picha ushike vizuri.

Na hapo gari la Riziki likasimama pembeni yetu. Akashusha kioo. Ametengeneza nywele, amevaa miwani. "Mama, mnaniaibisha kwa nini?"

Nikamwambia, "Shuka."

Akashuka na buti zake nyeupe za Columbus. Akatazama mzigo, akatazama kamba. Akauzunguka. Nikajua sasa atasema lake kuhusu mtoto kutembezwa kwenye baridi. Akasema, "Nani amefunga hivi? Itakuangukia." Akanitua pale pale barabarani, akafungua, akafunga upya, lile fundo lenu la kambini, la kupitisha chini mara mbili. Akalivuta kwa meno. Alipomaliza miwani ilikuwa imelowa. Akaacha gari pale, tukaingia nyumbani kwa miguu, watu watatu na kuni.

Sifa ndiye aliyepanga. Mimi nilikaa nikatoa amri ambazo hakuzisikia. Akasimamisha matawi makavu ndani ya kopo, akayazungushia zile taa zako nyeupe, na yakiwa hayana majani taa zinaonekana vizuri zaidi, ninakuambia ili ujue. Akatundika pambo moja tu, lile lililovunjika mguu. Akaweka mishumaa. Halafu akaona kitambaa juu ya kiti. Akakikung'uta, akakitandika mezani, akakinyoosha kona kwa viganja. Nikaona ananitazama, anangoja. Mtoto amekua akisikia ugomvi wetu kila Januari, anajua zamu ni ya nani.

Nikasema, "Toa sanda mezani, watu wanakula hapa."

Akasema, "Si sanda, Koko. Ni theluji."

Riziki alikwenda jikoni akafungulia maji, akayaacha yaende.

Jumapili baada ya kanisa, tumekula juu ya kitambaa chako na Heri amekimwagia chai, mwanaume wako hajabadilika, Riziki akamuuliza Sifa mbele yetu sote. Akamuuliza vizuri, hakumvuta. Chumba kipo, kitanda kipo, wenzako wanakungoja. Mimi nilishika kikombe. Nilijiambia akisema ndiyo, nitamfungia mizigo mwenyewe na sitalia mpaka gari lipinde kona.

Sifa akatazama lile kopo. Akajibu kwa Kiswahili chake kile kinachochechemea: "Mama mdogo, mimi nikienda, Koko atatwikwa na nani?"

Heri akatazama kikombe chake. Riziki akasema basi atakuja likizo ya Pasaka amchukue wiki moja tu, akatembee, na nikakubali, maana mtoto atembee. Akaondoka. Kabla ya kuingia garini akaniambia mwakani tusiende bila yeye. Nikamwambia basi awahi, hatungojei watu wa Columbus.

Ndiyo habari niliyotaka uipate. Usiku taa za kopo zinawaka, lakini hazisemi tena Noeli, zinasema baridi tu, kama ulivyokuwa unataka. Kile kiti cha kwenye kona kimerudi mezani. Bado anakulilia. Ninamsikia. Lakini sasa anatoka analia sebuleni, karibu na mimi, kwenye blanketi lako la majivu, na mimi ninamwambia ajifute pua asilichafue.

Ninakuahidi hivi. Mwakani Bonane ikipita tu mti utashuka, na tutakwenda kuni mapema, lori halijapita. Kopo sitalitupa. Kitambaa nitakigombania kila mwaka, na kila mwaka nitashindwa. Na mtoto wako nitamfundisha kutua, maana kutwika tayari anajua.

Wewe sasa pumzika, na uache ubishi. Nakujua unavyopenda mizigo mikubwa. Huko uliko kama wanakwenda kuni, okota, funga vizuri, halafu uweke chini ukae juu yake. Usijitwike peke yako. Ningoje. Nitakuja nikutwike, na safari hii ni mimi nitakayekutazama shingo.

Mama Heri wako